Mnavukaje?

Tulifika na masanduku kumi na mawili:
Biblia, glavu za sufu, peremende za watoto,
na gitaa la Mchungaji Lindqvist
lililopasuka ubavu kwa baridi usiku wa kwanza,
likalia mara moja tu, ko!, kama goti la mzee.

Mimi nilibeba hubiri, juu ya maji ya uzima.
Nililiandika Minnesota, jikoni, kando ya bomba la maji moto.
Kurasa tano. Nilikuwa nimelipenda.

Mwezi Machi, Kuskokwim si mto.
Ni barabara. Malori hupita juu yake,
na vitawi vya msonobari vimesimikwa barafuni
kuonyesha pa kupita na pa kutopita.
Wassillie aliendesha mlango wa gari ukiwa wazi.
Nikamsihi aufunge, meno yakigongana.
Akasema, "Tukizama utanishukuru."

Jumapili nilikuwa ukurasa wa pili
Olinka alipoinua mkono, miaka minane, kibogoyo wa mbele:
"Kwenu mto huganda?"
Hapana, nikasema. Hata siku moja.
Akanitazama kwa huruma, kanisa zima likanitazama.
"Maskini. Sasa mnavukaje?"

Basi nikaacha maji ya uzima
nikawaeleza pantoni ya Kilombero,
foleni ya baiskeli na magunia ya mpunga,
kuku waliofungwa miguu, nahodha asiye na haraka,
na mamba, ambaye yeye havuki, husubiri.
Hapo kwenye mamba wakacheka, wakaridhika.
Ukurasa wa tatu sikuufikia.

Jumanne Yako Nikolai hakurudi.
Pikipiki yake ya theluji ilionekana
ukingoni mwa tundu ambalo juzi halikuwepo.

Hakuna aliyetuomba neno. Tulipewa keekee.
Shimo, hatua tatu, shimo, hatua tatu,
kisha kamba yenye kulabu, polepole,
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani asiamshe wenye nyumba.
Maji yalipanda meusi, yakatulia,
na kabla hujageuka yalishaanza kujifunga ngozi.
Wanawake walileta chai na mchuzi wa samoni mkavu.
Lindqvist, mwenye digrii mbili, alikoroga sukari
akawapelekea watu vikombe, siku tatu,
na nadhani hajawahi kuwa mchungaji kuliko hapo.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri,
Wassillie aliinua kiganja. Keekee zote zikanyamaza.

Mama yake, Nastasia, alikuja kwa miguu.
Alipiga magoti, akampangusa barafu kwenye nyusi
kwa kidole gumba, nyusi moja, kisha ya pili,
kama anayemwandaa mtoto kwenda shule.
Halafu akaniambia mimi, kati ya wote:
"Omba. Kwa lugha yako.
Yetu ameshaisikia usiku kucha."

Sikujua anamsema Mungu au mwanawe.
Nikafungua kinywa. Yale niliyoyakariri tangu kipaimara,
yote, yaliganda.
Yalitoka maneno mawili:
Bwana, tuvushe.
Nastasia akaitikia, "Kuyana," akasimama, akakung'uta magoti.

Hubiri langu liliwasha jiko la kanisa asubuhi ya mazishi.
Lilishika moto upesi. Karatasi nzuri.

Nimerudi nalo jambo moja, nimelibandika kwenye friji:
pantoni yetu, kama Olinka alivyoichora.
Iko juu ya barafu. Inavutwa na mbwa saba.
Mamba amevaa kofia ya manyoya.
Kuku wamekaa kwenye viti.
Mimi niko ng'ambo, mdogo, mweusi wa kalamu ya risasi,
nimeinua mkono,
na kila nikifungua friji kuchukua maziwa
sijui kama ninaaga
au ninaomba wanifuate.